Mzee wa Mashimo: Kumkumbuka Yacouba Sawadogo, Mkulima wa Gourga

Haya ni maneno ya mazungumzo yaliyotolewa barazani mbele ya wakulima, wazee kwa vijana.



Nimeombwa niseme nanyi leo habari za maisha ya mkulima, nami nimemchagua mzee wa mbali. Jina lake ni Yacouba Sawadogo. Alifariki dunia tarehe 3 Desemba, 2023, umri wake ukiwa umepata miaka 77. Kwao ni kijiji cha Gourga, karibu na mji wa Ouahigouya, katika jimbo la Yatenga, kaskazini mwa nchi ya Burkina Faso. Ni mbali sana na hapa, lakini mtu wa Kitui, wa Makueni au wa Tharaka angalifika katika shamba lake asingaliona ugeni mwingi. Jua ni lile lile, mvua ni zile zile zisizotimiza ahadi, na udongo ni ule ule ambao ukiachwa bila kufunikwa hugeuka kuwa jiwe.

Nimemchagua mzee huyu kwa sababu mbili. Kwanza, aliponya ardhi ambayo watu wote walikwisha kuikatia tamaa. Pili, ardhi ile ilipokwisha kupona, ikaanza kumtoka mikononi. Na hapo ndipo ilipoonekana mali yake ya kweli ilikuwa ni nini. Nawaomba mnivumilie mpaka nifike huko.

Utoto wake na biashara yake

Yacouba alizaliwa yapata mwaka 1946, wakati nchi ile ilipokuwa chini ya Wafaransa. Baadaye iliitwa Volta ya Juu, na mwaka 1984 ndipo ikapewa jina la Burkina Faso. Hakusomeshwa katika shule ya serikali. Alipokuwa mtoto alipelekwa nchi ya jirani, Mali, akae chuoni asome Kurani. Aliporudi kwao akawa mtu wa biashara katika soko la Ouahigouya, na biashara yake ilimwendea vizuri.

Nataka mlikumbuke jambo hilo la biashara. Mtu mwenye kibanda sokoni hushika fedha yake kila jioni, lakini mkulima hungoja miezi, tena hangoji kwa amani. Kwa hiyo mtu huyu hakwenda shambani kwa kukosa njia nyingine ya kula. Njia alikuwa nayo, akaiacha kwa hiari yake.

Aliiacha wakati gani? Hapo ndipo penye ajabu. Tangu mwisho wa miaka ya 1960 mvua zilipungua katika nchi zote za ukanda ule uitwao Saheli, ulio kusini mwa jangwa la Sahara. Ukame wa miaka ya 1972 na 1973 uliua mifugo isiyo na idadi. Nchi ilipoanza kupumua, ukame mwingine ukaja mwanzo wa miaka ya 1980. Maji ya visima yalishuka chini, miti ikakauka ikakatwa kuni, upepo ukachukua udongo wa juu. Watu wa Yatenga walifunga mizigo yao wakahamia kusini, na wengine wakavuka mpaka kwenda kutafuta kazi katika mashamba ya kahawa na kakao ya Côte d'Ivoire. Wenye nguvu ndio waliotangulia kuondoka, kama ilivyo desturi ya njaa mahali pote.

Wakati huo, yapata mwaka 1980, Yacouba Sawadogo alifunga biashara yake akarudi kulima Gourga. Alikutana nao njiani wakitoka, naye akiingia.

Mashimo

Ardhi aliyoiendea ilikuwa ya namna ambayo Wamossi, yaani watu wa kabila lake, huiita zipele. Ni ardhi iliyo tupu, nyeupe, ngumu kama sakafu iliyopigwa kwa nyundo. Mvua ikinyesha juu yake haiingii, hukimbia. Mtu akipanda mbegu, ama huchukuliwa na maji, ama huota siku tatu ikafa. Kwa desturi ardhi ikifika hali hiyo huhesabiwa kuwa imekufa, na mwenyewe huenda mahali pengine.

Wazee wa kale katika nchi ile walikuwa na desturi ya kuchimba vishimo vidogo katika sehemu ngumu za shamba, wakaviita zai. Wengi walikuwa wameiacha desturi hiyo. Yacouba aliishika tena, lakini akaitengeneza upya. Aliyachimba mashimo yake kuwa mapana na marefu zaidi kwenda chini, akatia ndani yake samadi na majani makavu. Na jambo kubwa kuliko yote, aliyachimba wakati wa kiangazi, miezi mingi kabla ya mvua.

Sasa nisikilizeni ninyi wenye mashamba makavu, maana faida iko hapa. Shimo huwa na upana wa kadiri ya sentimita 20 mpaka 40, na kina cha kadiri ya sentimita 15 mpaka 20. Udongo uliotolewa huwekwa upande wa chini wa mteremko, ufanye kizuizi kidogo. Ndani hutiwa konzi za samadi iliyooza. Shimo hilo likikaa wazi wakati wa kiangazi, upepo uliokuwa mwizi hugeuka mtumishi: hulitilia vumbi laini na majani. Kisha samadi huwaita mchwa. Sisi tumezoea kumlaani mchwa kwa sababu ya nguzo za nyumba zetu, lakini katika shimo la zai yeye ni kibarua asiyedai mshahara. Huchimba njia nyembamba kwenda chini katika ule udongo mgumu, na mvua ya kwanza ikinyesha, maji hupita katika njia hizo yakakaa chini ambako jua haliwezi kuyafikia. Mkulima hupanda uwele au mtama ndani ya shimo, na mmea hupata maji na chakula mahali pamoja. Mvua ikikatika kwa juma mbili, mmea wa jirani hunyauka, na mmea wa shimoni hungoja.

Pamoja na mashimo, Yacouba alipanga mistari ya mawe kukata mteremko, ili maji yapunguze mwendo na kuacha udongo waliouchukua.

Msidhani kazi hiyo ni nyepesi. Mtu akiacha nafasi ya sentimita 80 toka katikati ya shimo hata katikati ya shimo la pili, hekta moja itachukua mashimo zaidi ya 15,000. Kila moja huchimbwa kwa mkono, katika ardhi inayorudisha jembe, na katika majira ambayo jua ni kali kuliko yote. Methali yetu husema kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mzee huyu aliinama mara elfu nyingi.

Maneno na moto

Wakati wa kiangazi, kwa desturi ya pale, jembe hupumzika. Watu walipomwona Yacouba akipiga ardhi kavu, walisema ana wazimu. Wazee wenye kuangalia mambo ya ardhi walimkataza wakisema kwamba anavunja mila. Lakini mvua ziliponyesha, nafaka iliota mahali palipokuwa hapaoti kitu kwa miaka mingi.

Kisha likatokea jambo ambalo hakulitarajia. Katika samadi ya wanyama mlikuwamo mbegu za miti waliyoila. Mbegu hizo ziliota katika mashimo pamoja na uwele. Mkulima mwingine angaling'oa miche ile asafishe shamba lake. Yacouba aliiacha, akaitunza, kisha akaanza kutafuta mbegu za miti mingine na kuzipanda kwa makusudi. Hivyo ndivyo msitu wake ulivyozaliwa. Kwa miaka mingi ulienea katika eneo la zaidi ya hekta 25, nao ukawa na zaidi ya aina 60 za miti na vichaka. Ndani yake mlikuwa na miti ya dawa, na watu walikwenda kwake kutafuta dawa. Ndege na wanyama waliokwisha kutoweka walirudi.

Hata hivyo si kila mtu aliyefurahi. Kuna watu waliotia moto msitu wake. Moto katika nchi kavu, mnajua wenyewe, hula kwa saa moja kazi ya miaka kumi. Yacouba alianza tena kupanda.

Nafikiri sisi wakulima tunafahamu vizuri hali ya namna hiyo, ingawa hatupendi kuitaja barazani. Jirani anayefanikiwa katika mwaka wa njaa huamsha mambo mawili katika mioyo ya watu: tamaa ya kumwiga na chuki ya kumwangusha. Jinsi mtu huyo atakavyowakabili majirani zake ndiyo itakayoonyesha ni jambo lipi litashinda. Angeweza kujenga ukuta. Nitawaeleza alilofanya.

Mali aliyoigawa

Yacouba alikuwa mzee wa boma, mwenye wake, watoto na wajukuu wengi, na kazi ya mashimo ilikuwa kazi ya mikono ya nyumba yake yote. Huko kwao, kama huku kwetu, baba wa nyumba hupimwa kwa ghala lake: je, watoto watakula mpaka mavuno mengine? Wakati wengi walipoyaacha mashamba yao, yeye aliilisha nyumba yake kutoka katika ardhi ile ile iliyosemwa kuwa imekufa. Mtu wa namna hiyo kwa kawaida huambiwa aifiche siri yake, iwe urithi wa wanawe.

Yeye aliifungulia mlango. Tangu mwaka 1984 alifanya siku za soko nyumbani kwake, mara mbili kila mwaka. Wakulima wa vijiji vingi walikusanyika Gourga, kila mmoja na mbegu zake, wakabadilishana, wakatazama mashimo, wakaulizana habari. Tena hakungoja kufuatwa. Alipanda pikipiki yake akaenda vijijini kuwafundisha wengine. Mkulima mwingine wa jimbo lile, jina lake Ousséni Zoromé, alianza kuwafundisha wenzake kwa mtindo wa shule, darasa likiwa shambani penye ardhi mbaya kuliko zote.

Mwaka 1989 wakulima 13 walisafiri kutoka wilaya ya Illéla, nchi ya Niger, wakaja Yatenga kuyaona mashimo kwa macho yao. Waliporudi kwao walichimba, na mwaka uliofuata ulikuwa wa ukame. Mashamba ya mashimo yakatoa nafaka. Baada ya hapo hakuhitajika mtu wa kuwahimiza. Katika nchi ya Niger mashimo hayo huitwa tassa, kwa Kihausa. Na hapa kwetu Kenya, wakulima wa Kitui, Makueni na Tharaka wamefundishwa kuyachimba, nao huyaita kwa jina lile lile la Wamossi, zai. Neno moja la kijiji limetembea toka upande mmoja wa Afrika mpaka upande wa pili.

Wazee mliopo hapa mtanielewa nikisema kwamba elimu ya udongo inaweza kuletwa kwa njia mbili. Katika miaka ya 1940 serikali ya kikoloni iliwaamuru watu wetu wachimbe matuta kwa kazi ya lazima, na mwaka 1947 watu wa Murang'a wakaikataa kazi hiyo. Matuta yenyewe hayakuwa mabaya. Kilichochukiza ni amri, na kazi ya bure, na hofu kwamba shamba likitengenezwa litachukuliwa. Lakini huko Ukambani, watu walipoona faida wenyewe, walichimba matuta yale tunayoyaita fanya juu kwa mikono yao na kwa vikundi vyao vya mwethya, na mengi yangalipo. Mkulima akifundishwa na mkulima mwenzake, huuliza maswali bila haya, naye akikosea hurudi kuuliza tena. Yacouba Sawadogo hakuwa na askari wala karani. Alikuwa na shamba la kuonyesha, basi.

Vigingi

Sasa nimefika kwenye lile nililowaahidi.

Shamba la Gourga liko karibu na mji, na mji wa Ouahigouya ulikua. Wakati ardhi ile ilipokuwa zipele, hakuna mtu aliyeitaka. Ilipokuwa msitu na mashamba, serikali iliiweka katika mpango wa kuupanua mji. Wapima walikuja, ardhi ikakatwa viwanja. Kwa sheria iliyotumika, kuilima ardhi kwa miaka mingi hakukumpa mtu haki ya kuimiliki. Watu wa nyumba yake walihesabiwa kustahili viwanja vidogo tu kama wakazi wengine, na msitu alioupanda mwenyewe aliambiwa anaweza kuununua, kwa bei ambayo mkulima hana. Katika ardhi hiyo mlikuwa na kaburi la baba yake. Miaka ikapita, na nyumba za watu wengine zikaanza kujengwa juu ya sehemu za shamba la jamaa yake.

Mabwana na mabibi, hebu fikirini. Mtu alichukua jiwe akaligeuza udongo, akachukua udongo akaugeuza msitu, kisha akaambiwa anunue.

Heshima hazikukosekana. Mwaka 2010 Mwingereza Mark Dodd alitoa filamu ya maisha yake. Mwaka 2018 alipewa tuzo ya Right Livelihood, inayotolewa nchini Sweden. Na mwaka 2020 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, ambalo makao yake makuu yako hapa kwetu Nairobi, lilimtaja kuwa miongoni mwa Mabingwa wa Dunia. Alisafiri nchi za ng'ambo, akasikilizwa na watu wenye elimu kubwa. Lakini heshima haing'oi kigingi kilichokwisha kupigwa ardhini. Katika miaka yake ya mwisho taabu nyingine iliongezeka, kwa maana tangu mwaka 2015 nchi yake ilishambuliwa na vikundi vya watu wenye silaha, na wakimbizi wengi wa kaskazini wakakimbilia Ouahigouya. Mzee huyu ambaye zamani alikataa kuwafuata waliokuwa wakihama, alifariki katika wakati ambao watu wengi wa nchi yake walikuwa wakihama tena.

Ya kuchukua nyumbani

Yatupasa kuchukua nini katika habari hizi?

La kwanza ni la busara ya kawaida. Yeyote kati yenu anayelima ardhi ya babu bila hati, asingoje mpaka ardhi hiyo iwe nzuri ndipo akaulize habari za kuiandikisha. Ardhi mbaya haina maadui, na ardhi nzuri haikosi. Nendeni mkaulize sasa, mkiwa na wazee ambao bado wanajua mipaka.

La pili ni kwenu vijana. Nimesikia wengi wakisema kwamba shamba ni la mtu aliyeshindwa na mambo mengine. Huyu alikuwa na biashara yake mjini, na bado alilichagua jembe. Sisemi kila mtu afanye hivyo. Nasema tu kwamba ukimkuta mtu ameinama shambani, usijue moja kwa moja kwamba ameshindwa.

La tatu ndilo lililonifanya nimchague mzee huyu. Baba wa nyumba akifa, watu huuliza ameacha nini. Huhesabu ekari, ng'ombe na nyumba, na mara nyingi hesabu hiyo huzaa ugomvi kabla ya matanga kwisha. Kwa Yacouba Sawadogo hesabu ya ardhi ni ya kuhuzunisha, kwa kuwa ardhi yake ilikuwa imekatwa kabla yeye hajafa. Kama angaliificha kazi yake, ikawa siri ya boma lake tu, leo tungalisema kwamba kazi ya miaka zaidi ya 40 iko hatarini kufunikwa na matofali. Lakini kazi hiyo haiko Gourga peke yake. Iko Illéla, iko Kitui, iko katika mashamba ya watu ambao hawakumwona wala hawalijui jina lake. Kile alichokigawa ndicho ambacho hakuna mpima aliyeweza kukikata viwanja.

Kwa hiyo, wazee wangu, ninyi mnaojua mbegu gani huvumilia jua, ninyi mnaojua ni wapi maji yalipita zamani na ni mti gani uliponya ng'ombe, semeni. Msingoje kuulizwa, kwa maana vijana hawajui waulize nini. Waiteni shambani mara mbili kwa mwaka kama alivyofanya mwenzenu, wakaone kwa macho.

Mvua za vuli zikiwa bado hazijafika, kila mtu katika baraza hili na achague kipande kimoja cha ardhi yake, kile kibaya kabisa kinachomtia aibu, achimbe mashimo 100 tu. Atie samadi. Awaachie mchwa kazi yao. Kisha baada ya mavuno tukutane hapa hapa, kila mtu aseme alichokiona.

Mwenyezi Mungu amrehemu mzee Yacouba, na awape subira watu wa nyumba yake.